Je, wajua GPS yako inaanza kupima kutoka wapi?

Mteja akiingia dukani kununua GPS ya mkononi, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni kioo. Kina rangi, kinaguswa kama simu, na ndani yake kuna ramani ya dunia nzima. Cha pili ni hesabu ya setilaiti: hii inapokea za Marekani peke yake, ile inaongeza GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na bei inapanda kwa kila jina linalotajwa. Menyu ya mipangilio, pale kifaa kinapoelezwa kitoe namba za aina gani na kianzie kupima wapi, haifunguliwi kabisa. Muuzaji haijui na mnunuzi haiulizii. Hoja yangu ni kwamba menyu hiyo isiyo na mvuto ndiyo inayoamua kama kifaa kitakufikisha kwenye bikoni ya mpaka au kitakuacha mita mia tatu mbali nayo, na kwamba makosa mengi tunayoisingizia GPS katika nchi zetu yanatoka kwenye ukurasa huo mmoja.

Tuondoe kwanza dhana moja inayoudhi. GPS haitumii bando. Haihitaji mnara, laini wala vocha, na setilaiti haina habari kama uko Loliondo au Lamu, kwa kuwa kifaa chako hakiipelekei ujumbe wowote, kinasikiliza tu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ina saa za atomiki, na kila moja inatangaza bila kukoma ni saa ngapi na yenyewe iko wapi. Mawimbi ya redio hukata sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo umbali unapatikana kwa kupima uchelewaji. Saa iliyomo mkononi mwako ni ya bei rahisi na haiwezi kupima uchelewaji mdogo kiasi hicho, ndiyo maana setilaiti tatu hazitoshi: ya nne huhitajika kuisahihisha saa yako. Huko juu nako saa za atomiki hukimbia kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotaka, na kama wahandisi wasingezirekebisha kabla ya kuzirusha, kosa lingekua kwa kilomita 11 hivi kwa siku. Mfumo uliotengenezwa kwa uangalifu wa namna hiyo haupotezi mita mia tatu kwa bahati mbaya. Mita hizo tunazipoteza wenyewe, na inafaa kueleza zinapotelea wapi.

Setilaiti inaposema iko wapi, lazima iseme kuanzia nini. Kwa kuwa inazunguka kitovu cha uzito wa dunia, namba zake zote zinahesabiwa kutoka kwenye kitovu hicho, kwa mfumo unaoitwa WGS 84. Wapima ardhi wa zamani hawakuwa na njia ya kukifikia. Walichokuwa nacho ni jiwe lililosimikwa ardhini, nyota za kuwaonyesha jiwe hilo liko latitudo gani, na theodolaiti ya kupimia pembe kutoka kilima hadi kilima. Kwa upande wetu wa Afrika jiwe la kuanzia liko Buffelsfontein, kusini kabisa mwa Afrika Kusini. Kutoka huko ulivutwa mnyororo wa pembetatu kuelekea kaskazini ukifuata longitudo ya 30 mashariki, kazi iliyobuniwa na mwanafalaki David Gill wa Cape mwishoni mwa karne ya 19. Kipande cha Tanganyika kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Martin Hotine, kati ya vilima na mbuga za magharibi ya nchi, na pengo la mwisho huko Sudan lilizibwa mwaka 1954. Hesabu za mnyororo huo ziliporekebishwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa jina Arc 1960. Hotine huyo huyo ndiye aliyeanzisha, mwaka 1946, idara ya upimaji ya Uingereza iliyotuchorea ramani za uwiano wa 1:50,000 zinazouzwa hadi leo kwenye ofisi za ramani.

Ili kugeuza pembe kuwa latitudo na longitudo, ilibidi wapima wale waamue dunia ina umbo gani. Walichukua umbo alilokadiria Mwingereza Clarke mwaka 1880, lenye nusu kipenyo cha ikweta cha mita 6,378,249. Lile la WGS 84 lina mita 6,378,137. Wakalilaza umbo hilo lishikamane vizuri na ardhi ya mashariki na kusini mwa Afrika, bila kujali kitovu chake kimeangukia wapi huko chini, na kweli hawakuwa na sababu ya kujali. Setilaiti zilipokuja ikagundulika kwamba kitovu cha Arc 1960 kimekaa pembeni mwa kitovu halisi, hasa kwa mita 160 upande mmoja na mita 302 kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Fundi cherehani ambaye futi yake imekatika inchi mbili za mwanzo anashona nguo zinazokaa vizuri maadamu anatumia futi hiyo hiyo kwa kila kipimo. Balaa huanza akiletewa vipimo vya fundi mwingine. Ndivyo ilivyo hapa. Ramani ya Arc 1960 haina kosa ndani yake. Lakini ukichukua namba za GPS iliyowekwa WGS 84 ukazipiga kwenye gridi ya ramani hiyo, pointi yako itaangukia karibu mita 300 kusini na kama mita 90 mashariki ya pale uliposimama. Kwenye karatasi ni milimita sita. Kwenye Usambara au Udzungwa milimita hizo sita zinatosha kukuhamisha kutoka mgongo wa mlima hadi bondeni, ng'ambo ya mto.

Msomaji makini atauliza: nani bado anashughulika na ramani za wakoloni? Tanzania ina mfumo mpya, TAREF11, unaopatana na setilaiti. Kenya nayo ina wake. Kila ramani ya simu iko kwenye WGS 84. Tuachane na Arc 1960. Ningekubali, kama si mambo mawili. La kwanza, mipaka mingi ya misitu ya hifadhi na ya vijiji ilichorwa na kuandikwa juu ya ramani hizo, na tangazo la serikali halijisahihishi lenyewe kwa sababu teknolojia imebadilika. La pili, namba zilizokusanywa katikati ya nyakati hizo mbili zimelala kwenye madaftari na mafaili bila kuandikwa ni za mfumo upi. Chukua mpaka wa kilomita 10 unaokwenda mashariki hadi magharibi kati ya kijiji na hifadhi. Usogeze mita 300 kusini: hekta 300, yaani ekari zaidi ya 740, zimebadili mwenyewe bila mtu kung'oa bikoni hata moja. Wenye mifugo watasema wako kwenye malisho ya kijiji, askari wa hifadhi watasema wako ndani ya msitu, kila upande utatoa GPS, na vifaa vyote viwili vitakuwa vinasema kweli. Huu ni uzembe wa ofisi, wala hauhitaji bajeti ya wafadhili kuutibu. Fomu ikiongezewa safu moja tu ya kuandika datamu, yaani mfumo ambao namba zimepimwa kwao, nusu ya ubishi unakwisha hapo hapo.

Kuna ndugu wawili wa kosa hili wanaosumbua vilevile. Mmoja ni muundo wa namba. Kioo kikiandika S 06° 30.500', maana yake ni dakika thelathini na nusu. Karani akinakili 6.30500 kana kwamba ni digrii za desimali, mahali pamehama kilomita 22 na ushei. Akiandika digrii 6, dakika 30, sekunde 50, pamehama mita 600 na zaidi. Namba zinafanana kwa macho, na hakuna atakayeshtuka mpaka gari la mradi lifike porini pasipo na kisima. Ndugu wa pili ni kanda za UTM, zile namba za mita ambazo wapima wetu wanazipenda kwa kuwa zinajumlishika. Afrika Mashariki imekatwa kwenye longitudo 30 na 36. Kigoma mjini ni kanda ya 35, Dodoma na Iringa ni ya 36, Arusha na Morogoro ni ya 37, na Nakuru imekaa pembeni kabisa mwa mstari, hivi kwamba mtu akitembea kilomita chache magharibi ya mji anabadili kanda. Namba ile ile ya mashariki inapatikana katika kila kanda. Kodineti ya UTM isiyotaja kanda inaweza kuwa mahali pawili tofauti ndani ya nchi moja.

Hapo ndipo ninapochagulia kifaa. Swali la kwanza dukani liwe: kinaniruhusu kuchagua Arc 1960 na WGS 84, na kubadili muundo wa namba bila kupitia kurasa kumi? Vifaa vingi vya mkononi vya kampuni kubwa vinaruhusu, hata vya bei ya chini vyenye kioo cha rangi nyeusi na kijivu. Swali la pili: betri zake zinatolewa? Kifaa cha betri mbili za AA kinaweza kufufuliwa na duka la kijijini. Chenye betri ya ndani kinasubiri umeme. Kwenye baridi ya Kibo au ya Mlima Kenya betri za kawaida za alkalini huchoka haraka, zile za lithiamu huvumilia. Ramani ya rangi ninaiweka mwisho kabisa, kwa sababu nyingi zinazokuja na kifaa zina barabara kuu na miji tu, na kwa mtembea porini hazimsaidii kitu.

Pingamizi kubwa zaidi ni simu. Simu ya leo ina kipokezi kizuri, nyingine hupokea masafa mawili, L1 na L5, jambo ambalo GPS nyingi za zamani haziwezi. Sitabisha kwamba mtu anayetembea mjini au kufuata barabara hana sababu ya kununua kifaa kingine. Shida ya simu ni ule ukarimu wake. Setilaiti zikififia, simu hukadiria mahali kwa minara na Wi-Fi, na programu za kuelekeza madereva hukubandika barabarani hata kama uko mita ishirini pembeni. Doti ya buluu inabaki nzuri vilevile. Kipokezi cha porini hukuonyesha makisio ya kosa lake na setilaiti zipi kinazisikia, kisha kinakuachia uamuzi. Ongeza jasho na mvua vinavyoharibu kioo cha kugusa, jua linalokifanya kisisomeke, na chaji inayokwisha alasiri. Zipo programu za simu zinazotoa Arc 1960, na aliye na mojawapo na kuielewa amekwisha kupata nusu ya ninachodai, kwani ninachotetea ni mipangilio, kifaa chochote kinachoifungua kinafaa.

Kuhusu usahihi, watu hukosea pande zote mbili. Hadi usiku wa tarehe 1 Mei 2000 Marekani iliharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa lilifika mita 100. Baada ya hapo likashuka, na leo kifaa kizuri chini ya anga wazi hukosea mita tatu hadi tano. Kwa mpaka wa kijiji wenye kilomita nyingi, hiyo si kitu. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, upande mmoja ukisogea mita nne tu eneo linaongezeka kwa asilimia 20, na hapo jirani ana haki ya kupiga kelele. Shamba la nusu ekari, yaani mita 45 kwa 45, kosa hilo hilo linageuka asilimia tisa. Ndiyo sababu viwanja hupimwa kwa mitambo ya wapima yenye usahihi wa sentimita, na anayegawa viwanja vya mjini kwa GPS ya mkononi anapanda kesi. Sasa umekuja na mtihani wa kahawa na kakao: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inataka shamba litajwe kwa latitudo na longitudo zenye angalau tarakimu sita baada ya nukta, na mashamba yanayozidi hekta nne yachorwe mzunguko. Tarakimu ya sita ni sentimita 11. Kifaa kitaziandika zote sita bila aibu, huku kikijua nne hivi kati yake na kubahatisha zilizobaki. Kuandika tarakimu hizo si kosa, ila karani asiamini kwamba amepima sentimita.

Namna ya kushika nayo ina sayansi yake. Mawimbi haya, ya megaherzi 1,575 hivi, hufika yakiwa dhaifu mno na hunywewa na maji. Mwili wa binadamu ni maji, na majani yaliyolowa ni maji. Kifaa chenye antena ya kijiti kishikwe kimesimama, chenye antena bapa ndani kilazwe kielekee juu, na vyote viwili vikae mbali na kifua. Kuvitia mfukoni na kudai vimepotoka ni kuvionea. Paa la mabati na ukuta wa jabali hurudisha mawimbi, kifaa kikasikia mwangwi na kudhani setilaiti iko mbali zaidi. Ukichukua pointi ya kona iliyo chini ya mwembe pembeni mwa nyumba ya bati umekusanya matatizo yote pamoja. Dawa yake ni subira: vifaa vingi vina kazi ya kuwastanisha pointi, na inafaa urudi baada ya saa moja na nusu hivi, setilaiti zikiwa zimehama, upime tena. Jambo lingine ni letu hasa, watu wa karibu na ikweta ya sumaku. Baada ya jua kuzama, zaidi katika miezi inayozunguka Machi na Septemba, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka na kufanya mawimbi yamemeteke, setilaiti zikapotea na kurudi. Anayepima usiku mapema katika miezi hiyo, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi, apime asubuhi. Na ile alama ya WAAS au EGNOS kwenye menyu uizime: masahihisho hayo yalitengenezwa kwa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na huku yanakula betri bure.

Mwinuko usitegemewe sana. Setilaiti zote ziko juu yako, hakuna iliyo chini ya miguu, kwa hiyo kosa la wima huzidi la mlalo. Kisha mwinuko nao unauliza kuanzia wapi: juu ya lile umbo la hesabu au juu ya usawa wa bahari? Kilimanjaro ya mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952, ilipimwa upya kwa GPS za wapima mwaka 1999 ikatoa mita 5,892.55, na mwaka 2008 ikatoa karibu 5,891. Theluji imepungua kweli, lakini tofauti hizo zinahusu namna ya kupima, wala mlima haukufupishwa. Mpandaji anayesoma 5,880 kileleni Uhuru asimdai mwongozaji fedha zake.

Matumizi mengine yanajulikana: doria za askari wa wanyamapori, visima na mabomba ya maji, kuhesabu miti, kuweka alama ya mitego iliyong'olewa, wavuvi kurudi kwenye mwamba wenye samaki, ukaguzi wa pamba na korosho, utafutaji wa waliopotea, vituo vya chanjo. Katika yote hayo, pointi iandikwe na datamu yake, kanda, tarehe na kosa lililokadiriwa, na pembeni yake maneno ya wazee: korongo lipi, mbuyu upi, kaburi la nani. Wanaosema kumbukumbu za wazee zimepitwa na wakati hawajaona betri ikiisha katikati ya mgogoro, na wanaosema zinatosha peke yake wasubiri mbuyu uanguke.

Kwa anayenunua cha mtumba, kuna kipimo kimoja cha haraka: kitoe nje, kisubirishe kama robo saa kipate setilaiti, kisha utazame tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha hurudi sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na Aprili 2019, na itafanya tena Novemba 2038. Kipokezi cha zamani ambacho programu yake haikusasishwa hukurudisha nyuma karibu miaka ishirini. Mahali kinaweza kupatoa sawasawa, ila kila traki kitakayohifadhi itakuwa na tarehe ya uongo, na kwenye baraza la ardhi tarehe ndiyo ya kwanza kuulizwa.